Maumivu ya Misuli Mimba Ikiwa Changa: Yanayotulizwa Nyumbani na Yanayopelekwa Zahanati

(Mazungumzo ya afya kwa wakazi wa Kaunti ya Kwale, yaliyoandikwa yapate kusomwa barazani na siku za kliniki.)



Mazungumzo haya yanamhusu mwanamke ambaye tumbo lake bado halijatokeza. Mimba yake ina wiki sita, nane au kumi. Nguo za kawaida zingali zinamtosha, jirani hajui lolote, na mama mkwe anashuku tu kwa kuwa mkaza mwana siku hizi hataki hata harufu ya samaki. Lakini kiuno kinamuuma, nyonga anazihisi zimelegea, na usiku shavu la mguu humkaza ghafla hadi anaketi kitandani akiushika mguu kwa mikono miwili. Kukicha anapitia dukani, anaomba tembe za maumivu, anazimeza kwa chai ya rangi, kisha anashika mtungi wake kwenda kuteka maji.

Pale dukani pana mambo mawili ambayo hayakusemwa. Muuzaji hakuambiwa kwamba mteja ni mjamzito. Na mteja mwenyewe hakuulizwa maumivu yako wapi hasa, yameanza lini, na kama yana homa ndani yake. Mengi yanayoharibika katika miezi mitatu ya kwanza huanzia katika kimya hicho.

Watu wengi hudhani kuumwa na mgongo ni jambo la mimba kubwa, ya miezi saba au minane, tumbo linapouvuta mwili mbele. Ni kweli wakati huo huzidi. Hata hivyo mwili huanza kubadilika mapema sana, mfuko wa uzazi ukiwa bado umejificha ndani ya nyonga. Homoni mbili, projesteroni na rilaksini, hulegeza kano zinazoshikilia mifupa ya nyonga na kiuno, ili siku ya kujifungua njia ipatikane. Rilaksini huwa nyingi zaidi kuelekea mwisho wa miezi mitatu ya kwanza. Kano zikilegea, misuli ndiyo inayobaki na kazi ya kuvishikilia viungo, na misuli iliyochoka huuma. Ukiongeza hapo kutapika kila asubuhi, kula kidogo, kupungukiwa na maji katika joto la Pwani na usingizi usiotosha, si ajabu mwili mzima ukauma kama uliopigwa.

Maumivu ya namna hiyo si ugonjwa. Huja na kazi na hupungua kwa kupumzika. Yako kwenye misuli, si ndani ya tumbo, na mtu hana homa wala damu. Dawa yake ya kwanza ni kupunguza mzigo, na mzigo katika kaunti hii ni mkubwa. Upande wa Kinango mama hutembea mwendo mrefu kutafuta maji, hasa mvua zinapochelewa. Kibuyuni kina mama huinama baharini kufunga mwani kwenye kamba maji yakiwa yamekupwa. Wengine wanalima kwa jembe la mkono, wengine wanatandika vitanda vya hoteli Diani siku nzima, na karibu kila nyumba kuna mtu anayeketi juu ya mbuzi kukuna nazi jioni, mgongo umepinda. Mtungi wa lita 20 ukijaa una kilo 20 za maji peke yake. Hakuna anayemwambia mwanamke mwenye mimba ya wiki nane aache kuubeba, kwa sababu hakuna anayeijua.

Mtungi wa lita 10 mara mbili ni afadhali kuliko wa lita 20 mara moja. Anapookota kitu chini achuchumae kwa magoti, mgongo ukiwa wima, wala asiiname kutoka kiunoni. Kazi ya kusimama muda mrefu aikatize kwa kuketi, na ya kuketi aikatize kwa kutembea kidogo. Viatu viwe bapa na vinavyoshika mguu. Akilala, alale ubavu na kuweka mto katikati ya magoti. Kama hakuna mto wa ziada, leso mbili zilizokunjwa zinatosha. Leso hiyohiyo inaweza kufungwa kuzunguka nyonga, chini ya tumbo, ikashikilia viungo vilivyolegea, mradi isikazwe hadi kubana. Na mume mwenye baiskeli, punda au mkokoteni anayeileta mitungi ya siku nzima kwa safari moja amemtibu mkewe mgongo kuliko duka lolote la dawa.

Hayo hayamaanishi alale kitandani. Misuli isiyotumiwa hulegea zaidi na maumivu huongezeka. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2016 kuhusu huduma za wajawazito inapendekeza mazoezi ya kila mara wakati wote wa mimba ili kuzuia na kupunguza maumivu ya kiuno na nyonga. Miongozo ya shirika hilo ya mwaka 2020 inataja angalau dakika 150 za mazoezi ya kadiri kwa wiki, kwa mjamzito asiye na tatizo. Kutembea kwa miguu kwenda sokoni kunahesabika. Anayetokwa na damu, au aliyekwisha kuambiwa na muuguzi apumzike, afuate alivyoambiwa.

Mguu unapokaza usiku, anyooshe goti, kisha avute vidole vya mguu kuelekea kwake, hata kama shavu la mguu linauma kwa sekunde chache. Kusukuma vidole mbele kunaukaza zaidi. Halafu apapase na kukanda taratibu, asimame, atembee hatua kadhaa. Mchana anywe maji ya kutosha, na kama anatapika, anywe kidogo kidogo kila mara. Kuna madini, kama magnesiamu na kalsiamu, ambayo huwasaidia baadhi ya wajawazito kwa mikazo hii, lakini hayo ni ya kuandikiwa kliniki, si ya kujinunulia.

Kitambaa kilichochovywa maji ya uvuguvugu kikawekwa kiunoni kwa robo saa kinatuliza sana. Kisiwe cha moto wa kuchoma, na kisiwekwe tumboni. Kujifukiza chini ya blanketi, mwanamke akafunikwa pamoja na sufuria ya maji yanayochemka hadi jasho limtoke mwili mzima, kusifanywe wakati huu. Uti wa mgongo na ubongo wa mtoto huanza kujengwa katika wiki za mwanzo kabisa, mara nyingi kabla mama hajajua kwamba ana mimba, na joto la mwili likipanda sana wakati huo linaweza kuuvuruga ujenzi huo. Kwa sababu hiyohiyo homa kali ya mjamzito haiachwi ijiondokee yenyewe.

Kuna wakati mapumziko na kitambaa havitoshi. Mwanamke hapaswi kuvumilia maumivu kana kwamba dawa zote ni haramu kwake. Tembe ambayo wataalamu huitegemea kwanza ni parasetamoli, ambayo wengi huiita panadoli hata ikiwa imetengenezwa na kampuni nyingine. Kwa mtu mzima mwenye afya, tembe moja au mbili za miligramu 500 kwa mara moja, apishe muda wa saa sita kabla ya kumeza tena, na zisizidi nane katika usiku na mchana mmoja. Mwenye mwili mdogo, wa chini ya kilo 50, au mwenye ugonjwa wa ini, aulize kwanza, maana kwake kipimo huwa kidogo zaidi. Kanuni ni kumeza kiasi kidogo kinachotosha, kwa siku chache iwezekanavyo. Maumivu yanayodai tembe hadi siku ya tatu yameshakuwa kazi ya muuguzi.

Lipo jambo kuhusu tembe hii lililosambaa kwenye simu za wengi. Septemba 2025 viongozi wa Marekani walitangaza kwamba parasetamoli wakati wa mimba inahusishwa na usonji kwa watoto. Mwezi huohuo Shirika la Afya Duniani lilijibu kwamba hakuna ushahidi wa kisayansi uliothibitisha uhusiano huo. Utafiti mkubwa wa Uswidi uliochapishwa mwaka 2024 uliwaangalia watoto karibu milioni 2.5. Ndugu wa tumbo moja walipolinganishwa, mmoja mama yake alimeza parasetamoli akiwa na mimba yake na mwingine hakumeza, hatari ya usonji haikuongezeka. Mama aliyemeza tembe mbili kwa homa asikeshe usiku akijilaumu.

Dawa zinazohitaji tahadhari kubwa ni za kundi jingine: ibuprofeni, diklofenaki, naproksini, na aspirini ya kipimo cha maumivu. Ndizo zinazopendwa sana kwa mgongo na misuli, na ndizo ambazo muuzaji huzitoa haraka akiambiwa tu, “Kaka, nipe ya mgongo, ile kali.” Katika miezi ya mwanzo baadhi ya tafiti zimezihusisha na mimba kuharibika, na nyingine hazikuona hivyo, kwa sababu hiyo mjamzito hushauriwa asizitumie bila kuandikiwa na daktari. Baadaye hatari yake iko wazi zaidi. Mwaka 2020 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilionya kwamba kuanzia wiki ya 20 zinaweza kudhuru figo za mtoto na kupunguza maji yanayomzunguka tumboni. Sindano ya maumivu inayochomwa kwenye kliniki za mitaani mara nyingi ni diklofenaki hiyohiyo. Kupitia kwenye sindano hakuibadilishi dawa.

Hapa lazima jambo moja litenganishwe. Wapo wajawazito wanaopewa na daktari aspirini ya kipimo kidogo, tembe moja kwa siku, ili kupunguza hatari ya shinikizo la damu la mimba. Hiyo wasiiache kwa kusikia mazungumzo haya. Hiyo ni kinga iliyopimwa, haihusiani na tembe za kichwa za dukani.

Tembe za mchanganyiko nazo zina mtego wake. Pakiti moja yaweza kuwa na parasetamoli pamoja na aspirini na kafeini, au parasetamoli pamoja na diklofenaki na dawa ya kulegeza misuli. Dawa za mafua nazo nyingi zina parasetamoli ndani. Mtu anameza tembe za mgongo, jioni anaongeza za mafua, na bila kujua amepitisha kipimo, na parasetamoli ikizidi huharibu ini. Majina ya dawa zilizomo yameandikwa kwenye pakiti kwa herufi ndogo. Tembe zinapouzwa mbili mbili zilizokatwa kutoka kwenye karatasi yake, maandishi hayo hubaki dukani. Mteja ana haki ya kuomba aone pakiti nzima kabla ya kulipa.

Vipi aliyemeza diklofenaki wiki mbili kabla ya kujua kwamba ana mimba? Jambo hilo hutokea kila siku, na kwa kawaida tembe moja au mbili si sababu ya kukata tamaa wala ya kufikiria kuitoa mimba. Aache kuimeza, na amwambie muuguzi siku ya kwanza ya kliniki ni dawa gani, kiasi gani na lini.

Baada ya tembe huja mafuta ya kuchua. Yale yenye harufu kali yanayowaka ngozini mengi yana salisilati, ambayo ni ndugu wa aspirini, na jeli za maumivu nyingi zina diklofenaki. Ngozi hufyonza dawa, hasa ikipakwa eneo kubwa na kufunikwa kwa nguo. Mjamzito asijipake bila kuuliza. Mafuta ya nazi hayana matata, na mkono wa mtu anayekanda mgongo, mabega na miguu polepole ni tiba nzuri.

Tumbo ni jambo jingine. Pwani kuna mazoea ya kumwita mkunga wa jadi akande tumbo la mwanamke anayelalamika maumivu chini ya kitovu, aliweke sawa au alirudishe mahali pake. Wakunga hawa wanaheshimiwa, wamezalisha vijiji vizima, na wengi wao leo ndio wanaowasindikiza kina mama hospitalini. Lakini tumbo la mimba changa lisikandwe wala kubonyezwa na mtu yeyote. Ikiwa sababu ya maumivu ni ile itakayoelezwa mbele, kubonyeza kunaweza kuua. Vivyo hivyo dawa za mizizi na majani zinazochemshwa kwa ajili ya viungo: haijulikani kila kikombe kimebeba kiasi gani cha nini. Mwarobaini, ambao karibu kila boma unao, ni miongoni mwa dawa ambazo mjamzito hushauriwa asinywe.

Hadi hapa mazungumzo yamekuwa juu ya mwili uliochoka. Lakini Kwale iko kwenye ukanda wa malaria, na malaria nayo huanza kwa mwili kuuma. Viungo vinalegea, kiuno kinauma, kichwa kinagonga, hamu ya chakula inapotea. Mwenye mimba ya wiki nane huona hayo yote ni ya mimba. Anameza parasetamoli, homa inashuka kwa muda wa saa chache, anajiona nafuu, na wadudu wanaendelea kuzaana. Malaria ya mjamzito ina ubaya wa pekee: vimelea hujificha kwenye kondo la nyuma, hunyonya damu ya mama na kumnyima mtoto chakula, na katika miezi ya mwanzo mimba yaweza kutoka. Wenye mimba ya kwanza huumia zaidi.

Tena katika miezi hiyo ya mwanzo kinga ni ndogo. Tembe za SP za kuzuia malaria, zinazotolewa kliniki katika maeneo kama haya, huanza kumezwa kuanzia wiki ya 13. Kabla ya hapo mama ana chandarua chenye dawa na kupimwa mapema, basi. Kwa hiyo maumivu ya mwili yaliyoambatana na homa, kutetemeka kwa baridi au kichwa kikali yapelekwe kupimwa siku hiyohiyo. Kipimo cha haraka ni tone moja la damu ya kidoleni, na jibu halizidi nusu saa. Ikionekana malaria, dawa ipo hata kwa miezi mitatu ya kwanza. Zamani wengi walipewa kwinini tu. Tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza dawa ya mseto ya artemetha na lumefantrini hata kwa mimba changa. Ni ya siku tatu, na imalizwe hata kama mwili umepata nguvu siku ya pili.

Kipimo kikisema si malaria na homa ingalipo, bado safari haijaisha. Pwani imepata milipuko ya homa ya dengi na ya chikungunya, zote zikiletwa na mbu wanaouma mchana, na zote zikiumiza misuli na viungo vibaya sana. Wapo wanaosema jina dengi lenyewe limetokana na neno la kale la Kiswahili, kidingapopo. Hiyo ni mada ya wataalamu wa lugha. Kwa mgonjwa lililo muhimu ni kwamba dengi huleta kutokwa na damu, na aspirini, ibuprofeni na diklofenaki huzidisha hatari hiyo. Ni sababu nyingine ya kutozikimbilia kabla ya kujua.

Sasa ile sababu iliyoahidiwa. Katika kila mimba 100, moja au mbili hivi hukaa nje ya mfuko wa uzazi, mara nyingi ndani ya mrija wa uzazi. Mrija huo ni mwembamba. Mimba inapokua, kati ya wiki ya sita na ya kumi hivi, mrija hunyooka hadi kupasuka, na damu ikamwagika ndani ya tumbo bila kuonekana nje. Dalili ya kwanza ni maumivu ya upande mmoja chini ya tumbo, ambayo mama huyaona kama msuli uliovutika, au huambiwa ni chango. Huenda akatokwa na damu kidogo ukeni, nyeusi nyeusi, akadhani ni hedhi iliyochelewa.

Kisha kuna dalili inayowapotosha wengi. Bega linauma, kwenye ncha yake, pale mkono unapoanzia. Hakubeba kitu, hakulilalia. Damu iliyomwagika tumboni huugusa msuli wa kiwambo unaotenganisha kifua na tumbo, na mshipa wa fahamu wa kiwambo huanzia shingoni pamoja na ile ya bega, hivyo ubongo hulisikia bega. Mtu atapakwa mafuta ya kuchua begani huku damu ikimwishia ndani. Mwanamke ambaye hedhi yake imechelewa, mwenye maumivu ya upande mmoja wa tumbo, au ya ncha ya bega, au kizunguzungu cha kuzimia, asimeze tembe akangojea kesho. Apelekwe hospitali yenye chumba cha upasuaji usiku huohuo, kwa gari lolote litakalopatikana, na anayempeleka aseme mlangoni: “Ana mimba changa, tumbo linamuuma upande mmoja na anazimia.” Akiwahi, huponywa. Aliyewahi kupata mimba ya namna hiyo, au maambukizi ya nyonga, au upasuaji wa mirija, asisubiri dalili. Aende akapimwe mara anapojua ana mimba.

Mengine mawili yasemwe kwa ufupi. Mguu mmoja ukivimba, ukiwa na joto na ukiuma kwenye shavu bila kuachia, si mkazo wa misuli. Yaweza kuwa damu iliyoganda ndani ya mshipa, na ujauzito huongeza uwezekano wake. Mguu wa namna hiyo usikandwe, upelekwe hospitali. Na maumivu ya mgongo yaliyo juu ya kiuno, upande mmoja, yenye homa na mkojo unaochoma, mara nyingi ni maambukizi yaliyopanda hadi kwenye figo, nayo yanahitaji viuavijasumu vilivyo salama kwa mimba.

Kwa nini basi mwanamke anaficha? Kila mkazi anajua. Mimba changa husitiriwa. Kuna hofu ya kijicho, kuna hofu ya kusema mapema kisha ikatoka, kuna msichana ambaye hajaolewa, na kuna mfanyakazi anayeogopa kupoteza kibarua. Hofu hizo si za kuchekwa. Lakini kusitiri mbele ya kijiji si sawa na kumficha muuguzi. Muuguzi, na mtu wa duka la dawa, hawatangazi barazani. Sheria na kiapo vinawafunga. Dukani maneno manane yanatosha: “Huenda nina mimba, hedhi yangu imechelewa wiki tatu.” Kila muuzaji aliyesomea kazi yake atabadilisha tembe aliyokuwa ameishika. Na nyumbani awepo mtu mmoja anayejua, awe mume, dada au shangazi, ili usiku wa kuzimia asiwepo mtu wa kuuliza, “Kwani ana nini?”

Anayeona zahanati ni mbali aanze na mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chake. Tangu mwaka 2023 wahamasishaji zaidi ya laki moja wameenezwa nchini wakiwa na mikoba ya vifaa, na kumjulisha mjamzito njia ya kliniki ni sehemu ya kazi yao. Ziara ya kwanza kliniki ifanyike kabla ya wiki ya 12, ya kwanza kati ya nane zinazopendekezwa. Hapo hupimwa damu, mkojo na shinikizo, na hupewa tembe za madini ya chuma na asidi ya foliki. Upungufu wa damu nao huuchosha mwili na kuuumiza, na mara nyingi ndio uliojificha nyuma ya ule “uchovu wa mimba.” Huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya vya umma hulipiwa na SHA kwa aliyesajiliwa, na usajili unaweza kufanywa kwa simu ya kawaida kwa kubonyeza *147#.

Siku hiyo ya kwanza aje na mfuko wenye kila alichotumia tangu hedhi ilipokosekana: pakiti za tembe hata zilizo tupu, chupa ya mafuta ya kuchua, na majani au mizizi aliyopewa. Muuguzi ataviangalia kimoja kimoja, aeleze cha kuendelea nacho na cha kuacha, na kuandika katika kijitabu cha mama na mtoto.